Kurasa 32 za Eisenhorn ambazo sikuuziwa

Nilinunua kitabu kwa shilingi 85,000, nikaletewa kitabu chenye pengo, na nilipolalamika nikaambiwa nijibunie mwenyewe yaliyokosekana. Naandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa jambo lenyewe lilitokea wakati wa masika, siku zile barabara ya Dar es Salaam ilipokatika kule Somanga na mabasi ya Mtwara yakawa yanalala njiani. Kitabu ni mkusanyo wa riwaya tatu za Dan Abnett uitwao Eisenhorn. Mtu yeyote akiniuliza leo kama anunue, jibu langu la kwanza ni kwamba asinunue kabla ya kukishika mkononi na kuhesabu kurasa zake moja baada ya nyingine.

Nilikisubiri kwa muda mrefu. Nilimlipa muuzaji wa Dar es Salaam kwa simu, yeye akakipakia kwenye basi, na kwa siku tatu nikawa nafika stendi ya Mkanaledi kila jioni baada ya kazi kuuliza mzigo wangu. Ulipofika ulikuwa umefungwa vizuri kwa mfuko wa nailoni, haukuloa hata kidogo, nami nikamwombea dua aliyeufunga. Dua ile ningependa kuirudisha.

Riwaya hizi zimewekwa katika ulimwengu wa Warhammer 40,000, mchezo wa vita wa mezani uliotolewa Uingereza mwaka 1987, ambao wachezaji wake hupaka rangi vinyago vidogo vya askari, wakavipanga mezani, wakapima mwendo wao kwa rula na kuamua mapigano kwa kete. Mimi sijawahi kuucheza, na hapa Mtwara sijakutana na mtu mwenye hata kinyago kimoja. Ninaujua ulimwengu ule kwa kusoma tu: binadamu wametawanyika katika nyota, himaya yao imeoza, na Kaizari wao ameketi kwenye Kiti cha Dhahabu kwa miaka elfu kumi, si mzima wala si maiti. Gregor Eisenhorn ni inkwizita, yaani mpelelezi mwenye mamlaka ya kuwasaka wazushi, viumbe wageni na wanaofuga mapepo, na hakuna mahakama inayoweza kumuuliza kwa nini ameua.

Riwaya ya kwanza, Xenos, niliimaliza kwa usiku mbili. Inaanza katika sayari yenye baridi kali, ambako matajiri hulazwa usingizi wa barafu hadi majira ya giza yapite, na mhalifu anayesakwa anawaamsha kabla ya wakati, wakafa kwa maelfu gizani. Eisenhorn anasimulia kwa kinywa chake mwenyewe, kwa utulivu, kama mzee anayetoa ushahidi. Baadaye anakamatwa na kuteswa hadi uso wake unakufa ganzi, na tangu hapo hawezi kutabasamu tena. Abnett halilii jambo hilo. Analitaja mara moja, kisha anakuacha uone kitabu kizima kilichobaki jinsi watu wanavyoshindwa kumsoma usoni. Huo ndio uandishi ninaoupenda.

Riwaya ya pili ni Malleus, na hapo ndipo nilipoibiwa. Nilikuwa nimekaa barazani, umeme umekatika, nasoma kwa taa ya sola. Nilikuwa nimefika mwishoni kabisa, Eisenhorn anamkaribia Quixos, mpelelezi mwenzake wa zamani ambaye kwa kutaka kuwashinda mapepo amegeuka bwana wa mapepo. Nikafungua ukurasa. Sentensi haikuunga. Nikarudi nyuma nikasoma tena, nikafikiri usingizi umenichukua. Ndipo nilipotazama namba chini ya karatasi nikaona zimerudi nyuma: fungu zima la kurasa 32 nilizokwisha kuzisoma lilikuwa limeshonwa mara ya pili mahali pa kurasa 32 zilizotakiwa kufuata. Nilipolivuka fungu hilo nikajikuta nimo ndani ya riwaya ya tatu. Mwisho wa Malleus haukuwamo. Nilikishika kitabu kwenye mwanga nikakitazama mgongoni. Mshono ulikuwa mzuri, gundi imekaa, kila kitu safi. Ilikuwa kazi iliyofanywa vizuri kwa karatasi zisizo zake.

Makosa ya mitambo hutokea, hilo nalikubali. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, na najua kwamba mahali penye karatasi nyingi karatasi moja inaweza kupotea. Sikumpigia muuzaji kwa ukali. Nilimtumia picha za namba za kurasa, nikamweleza kwa adabu, nikamwomba anibadilishie au anirudishie sehemu ya fedha. Akakaa kimya siku mbili. Siku ya tatu nikampigia, akapokea huku anaongea na mtu mwingine, akaniambia: "Kaka, wewe umesoma mpaka huko? Wateja wengine hawajalalamika." Nikamwambia kwamba wateja wengine hawana nakala yangu. Akacheka, kisha akasema neno ambalo mpaka leo limenikaa rohoni kama mwiba: "Si hadithi za kubuni hizo? Buni na wewe hizo zilizokosekana."

Nilikata simu. Mkono ulikuwa unanitetemeka, nami si mtu wa kutetemeka mikono. Mkulima anapoleta gunia lake la korosho ghalani, mimi napima, naandika kilo, naandika daraja, nampa stakabadhi yake, na nakala inabaki kitabuni. Kitabu cha stakabadhi kina namba mfululizo. Karatasi moja ikikosekana, mkaguzi haulizi kama zile nyingine zimebaki. Anauliza hiyo moja iko wapi, na mpaka ipatikane mimi ni mtuhumiwa. Hebu fikiria nimwambie mzee aliyetoka Nanyamba na gunia zake kwamba karatasi yake haionekani, basi abuni kilo zake. Wangenitoa ofisini kwa fimbo, na wangekuwa na haki. Mtu anayeuza vitabu anatakiwa kuijua kurasa kama karani anavyoijua stakabadhi. Kama haijui, auze vitunguu.

Na si kurasa zozote tu zilizokosekana. Ingekuwa ni kurasa 32 za mapigano katikati ya Xenos, ningenung'unika nikaendelea. Lakini trilojia hii yote inasimama juu ya jambo moja, nalo ni jinsi mtu mwadilifu anavyoharibika kwa hatua ndogondogo, na kila hatua akiwa na sababu ambayo wewe msomaji unaikubali. Majina ya vitabu yenyewe yanaonyesha njia. Xenos, Malleus na Hereticus ni majina ya matawi matatu ya taasisi ya Eisenhorn: linalowasaka viumbe wageni, linalowasaka mapepo, na linalowasaka wazushi. Katika kitabu cha kwanza jina linamtaja adui. Ukifika cha tatu unaanza kujiuliza mzushi anayetajwa ni nani, na jibu unalijua kabla yake. Daraja kati ya mtu yule wa kwanza na huyu wa mwisho liko katika kurasa zile za mwisho za Malleus, pale Eisenhorn anapokuwa na nafasi ya kukiharibu kitabu cha maarifa ya kishetani kilichomwangusha Quixos, naye hakiharibu, na pale tunapojua amefanya nini kuhusu pepo aitwaye Cherubael. Mimi nililala na mtu mwadilifu, nikaamka katika Hereticus nikamkuta anamwita pepo yule vitani amsaidie. Nilimchukia bila kumwelewa. Nilimwona mnafiki, nikamwona na Abnett ni mwandishi mzembe anayeruka mambo mazito, na kwa wiki nzima nikawaambia wenzangu kazini kwamba kitabu hiki kimesifiwa bure. Hilo ndilo linaloniuma kuliko fedha. Muuzaji yule alinifanya nimdhulumu mwandishi.

Hasira ile ikaenda mbali zaidi, na sioni sababu ya kuificha. Nikaanza kuulaumu mtindo mzima wa vitabu hivi. Msomaji wa huku kusini ananunua kitabu kimoja kwa msimu, tena korosho zikipata bei, halafu anaambiwa kwamba akitaka kuijua habari ya uasi wa Horus, mwana mpendwa wa Kaizari, ana vitabu 54 vya kusoma, kuanzia Horus Rising ya mwaka 2006. Akivimaliza hivyo, ndipo unaanza mfululizo mwingine wa kuzingirwa kwa dunia, ambao kitabu chake cha mwisho kiligawanywa vipande vitatu na kukamilika mwaka 2024. Vitabu zaidi ya 60 vya kusimulia vita ambavyo kila msomaji anajua vimeishaje tangu ukurasa wa kwanza! Nilisema nimeachana nao. Nilisema hata Horus Rising, ambayo niliisoma katika simu miaka ya chuo na kuipenda, haikuwa na lolote.

Hilo la mwisho nalifuta, kwa kuwa si kweli. Horus Rising ni riwaya nzuri sana, na uzuri wake ni kwamba inamwonyesha Horus kabla hajaasi, mtu mkarimu, mchovu, anayependwa na askari wake, hata unatamani historia ibadilike ingawa unajua haitabadilika. Na baina ya hasira zangu nilirudia kusoma First and Only, riwaya ya mwaka 1999 ya Abnett huyohuyo, inayoanza mfululizo wa Gaunt's Ghosts. Ni habari ya kikosi cha askari wa miguu kutoka sayari ya Tanith, ambayo iliangamizwa siku ileile walipoandikishwa. Hawana pa kurudi. Kamanda wao, Gaunt, ndiye aliyeamua kuwaondoa badala ya kuwaacha wafie kwao, na wapo wasiomsamehe. Mimi nimekulia upande wa Naliendele, ambako wamelala askari wetu waliofia Msumbiji, na tangu utoto nimepita karibu na makaburi yale nikijiuliza mtu anajisikiaje kufa mbali na kwao. Sijapata kusoma riwaya nyingine ya vita inayolishika swali hilo kwa heshima namna ile, na iliandikwa kwa ajili ya mchezo wa vinyago.

Aliyenitoa katika adha ni rafiki yangu tuliyesoma naye Dodoma. Yeye anayo nakala ya Malleus peke yake, imechakaa, jalada limeshikiliwa kwa gundi ya karatasi. Nilipomweleza kilichonipata hakunicheka. Usiku uleule akaanza kunipigia picha kurasa zote, moja moja, juu ya meza yake ya kulia chakula. Katika kila picha kidole gumba chake kinaonekana pembeni kikikandamiza karatasi isijikunje, na katika picha moja kuna kivuli cha mtoto wake aliyekuwa amesimama nyuma akitazama. Zilikuja zimechanganyika, kwa sababu ya mtandao, nikazipanga kwa namba. Nilizisoma hapohapo barazani, betri ya simu ikiwa imebaki asilimia 11, nikawa nimepunguza mwanga mpaka herufi zikaonekana kwa shida.

Nilipomaliza niliikalia simu ile kimya. Sitasimulia kilichomo, maana atakayesoma anastahili kukipata kwa mpangilio wake. Nasema tu kwamba Eisenhorn anaeleza uamuzi wake kwa maneno machache, kwa sauti ileile ya utulivu aliyokuwa nayo tangu Xenos, na nilijikuta nakubali kwa kichwa. Nilikubali. Saa chache kabla nilikuwa nimemwita mnafiki. Siku iliyofuata nilianza Hereticus upya tangu mwanzo, na kilikuwa kitabu kingine kabisa.

Kwa hiyo nilichosema juu, kwamba watu wasinunue, nakirekebisha. Nunueni. Kama mna fedha ya kitabu kimoja tu cha ulimwengu huu, kiwe hiki, wala msiogope kwamba hamjui mchezo wenyewe, kwa sababu hata mimi siujui. Nyota tano kwa Abnett, na ningeongeza ya sita. Kwa muuzaji sitoi nyota yoyote, wala simtaji, kwa kuwa sitaki hata jina lake likae karibu na jina la kitabu. Hajarudisha senti. Mara ya mwisho aliniambia nimrudishie kitabu kwa basi kwa gharama zangu ndipo atazame, nami nikakataa, kwa sababu nilishaelewa kwamba kikienda hakitarudi.

Nilizipeleka picha zile kwa kijana mwenye steshenari karibu na ofisi yetu. Alizipunguza zilingane na ukubwa wa kitabu, akazichapa pande mbili, na mashine yake ikaacha mstari mweusi mwembamba kushoto mwa kila ukurasa. Nililikata fungu lililorudiwa kwa wembe, taratibu, nikiacha ukingo wa kutosha kushikilia, nikazibandika zile mpya mahali pake. Kidole gumba cha rafiki yangu kimo katika kila karatasi. Kitabu sasa hakifungiki vizuri. Pale mwishoni mwa Malleus kimevimba, na ukikiweka mezani kinajifungua chenyewe hapohapo. Mpwa wangu wa kidato cha nne amekichukua juzi. Nimemwambia akifika penye mstari mweusi asiruke.