Kabla hujalipia saundikadi, tikisa tundu la waya

Mpwa wangu wa Kisauni amenunua saundikadi, kile kifaa cha kuingiza sauti ya maiki au ala kwenye kompyuta, wiki iliyopita, akaniletea nyumbani Majengo kwa furaha nimwonyeshe namna ya kuiunga na laptopu. Nikachomeka waya, nikausukuma kwa kidole kushoto na kulia. Ukacheza kama jino la mtoto. Nikanyamaza kidogo, kwa sababu mimi niliinunua saundikadi ya namna hiyohiyo, tena kwa Sh24,000, na najua itakakomfikisha.

Yangu ilinifikisha hapa. Ami yangu anapiga udi tangu kabla sijazaliwa, na nilimbembeleza miezi kadhaa aje nimrekodi. Akaja Jumapili moja baada ya alasiri. Nilifunga madirisha, nikazima feni, nikatandika mazulia mawili ili mwangwi upungue. Ami akaanza taksimu, yaani kupiga udi kwa kubuni papo hapo. Dakika ya saba, amefumba macho na ameshazama, alisogeza mguu tu, waya ukaguswa, ikalia krr, kisha kompyuta ikaandika kwamba kifaa hakionekani. Tukaanza upya. Ikakatika tena, na tena. Mara ya tatu Ami aliufunga udi kwenye mkoba wake, akamaliza kahawa, akasema, "Mwanangu, nitarudi ukishakitengeneza hicho kidude." Sikuwa na la kumjibu. Ile taksimu ya kwanza haikurudi, na mpigaji hawezi kuirudia vilevile hata akitaka.

Tundu la USB-C, lile dogo kama la simu mpya ambalo wengine huliita Type-C, lilikuwa limelegea. Miezi mitano tu ya matumizi.

Watu wakitaka kununua saundikadi huniuliza kasi. USB gani, 2 au 3? Thunderbolt je, ile njia nyingine ya kasi kubwa zaidi? Hesabu yenyewe ni fupi. Chaneli moja ya sauti ya biti 24 kwa hezi 48,000, yaani sampuli 48,000 kila sekunde, hula megabiti 1.152 kwa sekunde. USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, hubeba megabiti 480. Wewe unarekodi sauti yako na ala moja, labda mbili. Barabara ni pana na gari ni moja. Sauti ikikuchelewea kwenye hedifoni, angalia kwanza dreva, yaani programu inayoiendesha saundikadi, na ukubwa wa bafa, kile kipande cha sauti kinachosubiri zamu, kwenye programu yako ya kurekodi. Bafa ya sampuli 128 kwa hezi 48,000 ni chini kidogo ya milisekunde 3. Zaidi ya hayo, saundikadi nyingi zenye tundu la USB-C kwa nje, kama MOTU M2 au Scarlett 2i2 kizazi cha tatu, kwa ndani zinazungumza USB 2.0 ileile. Umbo la tundu halikwambii kasi.

Kinachoamua kama utamaliza kurekodi ni tundu linavyoshika waya. USB-B, ile ya mraba tuliyoizoea kwenye printa, ina pini nne nene na gamba kubwa la chuma ambalo miguu yake inapenya ubao wa saketi na kulehemiwa. Ukiichomeka unaisikia imekaa. USB-C ina ulimi mwembamba katikati, na pini zake, zikitimia, ni 24, nyembamba mno. Wauzaji watakwambia USB-C imepimwa kuchomekwa na kuchomolewa mara 10,000, na USB-B mara 1,500 tu. Ni kweli, lakini saundikadi ya nyumbani haichomolewi kila saa. Inakaa mezani huku waya ukivutwa upande: na mguu, na kiti, na mtoto aliyepita mbio. Mvuto huo ndio unaoupanua mdomo wa tundu, na ile hesabu ya kuchomeka haiugusi.

Halafu tuko Mombasa. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi haina huruma na chuma. Nimeona nyaya zilizoachwa karibu na dirisha msimu mmoja tu wa kusi zikafanya ukijani kwenye ncha. Pini nene hustahimili, na ukiifuta kwa pamba yenye spiriti ya isopropili inarudi kazini. Ule ulimi wa USB-C utaufuta vipi bila kuuvunja? Fundi wangu wa Mwembe Tayari alinitoza Sh2,500 kulehemu tundu jipya, na baada ya wiki sita likalegea tena.

Kwa hiyo mpangilio wangu ndio huu, na naufuata mwenyewe.

Kwanza kabisa ni USB-B, na ndani yake naichagua PreSonus AudioBox USB 96 bila kusita. Naipenda na sifichi. Mwili wake ni chuma, ina matundu mawili ya maiki au gitaa, volti 48 kwa maiki za kondensa, zile zinazohitaji umeme, na matundu ya MIDI ya kuunga kinanda cha zamani. Inakula umeme wa laptopu peke yake, kwa hiyo haihitaji adapta. Yangu ina mwaka wa tatu na tundu lake bado linauma waya kama siku ya kwanza. Ami alirudi baada ya Idi, tukarekodi dakika 40 mfululizo pasipo kukatika. Laptopu yako ina USB-C tu? Tafuta kebo yenye USB-C upande mmoja na mraba upande wa pili. Zipo, na upande unaoumia utakuwa umeupunguza nusu. Mwenye pesa za kutosha aangalie RME Babyface Pro FS ya Ujerumani. Ni saundikadi ya wataalamu, bei yake inapita laptopu ya watu wengi, na bado wameiwekea tundu la mraba la USB 2.0. Hilo peke yake linanitosha kama ushahidi.

Pili ni USB-C, ukipata nzuri. MOTU M2 ina sauti safi na kioo cha kuonyesha kiwango cha sauti. Ukiichukua, ufunge waya kwenye mguu wa meza kwa kamba ya plastiki, uache kitanzi kidogo karibu na tundu ili mvuto usifike.

Thunderbolt naiweka ya tatu. Intel na Apple waliileta mwaka 2011, na tangu Thunderbolt 3 umbo lake ni lilelile la USB-C, kwa hiyo udhaifu ni uleule kwa bei kubwa zaidi. Wengi hudanganyika hapa: plagi inaingia kwenye laptopu yoyote yenye USB-C, ila kama laptopu haina Thunderbolt, mara nyingi saundikadi haiamki.

FireWire, ile njia ya zamani ya kuunga vifaa na kompyuta, usinunue hata ukipewa kwa bei ya samaki. Zinakuja kwenye mitumba ya Uingereza, nzito na nzuri kwa macho, lakini laptopu mpya hazina tundu lake, na macOS Tahoe ya mwaka 2025 imeacha kabisa kuitambua.

Kwa mfuko mdogo, Behringer UM2. Nayo ni ya mraba. Basi.

Sasa wauzaji. Nimezunguka Digo Road na Moi Avenue, na kila duka ni maneno yaleyale: "Dadangu, hii ni Type-C, ndiyo ya kisasa," kisha bei inapanda Sh4,000 kwa ajili ya tundu. Ukiomba kuichomeka kabla ya kulipa, boksi halifunguliwi. Ukishalipa na kufungua, risiti imeandikwa kwamba mali iliyouzwa hairudishwi. Mpwa wangu alirudi siku ya pili tu, akaambiwa ameivunja yeye. Tena yale mabei! Bidhaa ileile iko Luthuli Avenue kule Nairobi, huku inaongezwa nauli ya basi mara tatu, na anayeongeza hajui kama inatumia USB 2 au 3.

Mimi siku hizi naenda na laptopu yangu na kebo yangu. Nachomeka, nafungua programu ya kurekodi, nabonyeza kitufe, kisha nausukuma waya pande zote nne huku nikiangalia mstari wa sauti. Muuzaji akikataa, natoka dukani na pesa zangu.