Kalenda za "Siku Kama ya Leo" zikipimwa kwa tarehe 7 Julai

Bidhaa hizi ziko za aina tatu. Kuna kalenda ya mezani yenye karatasi moja kwa kila siku: unaichana asubuhi na kukuta matukio ya tarehe hiyo yameorodheshwa chini ya namba. Kuna programu za simu zinazotuma arifa kila siku. Halafu kuna kurasa za tarehe za kamusi elezo, ikiwemo Wikipedia ya Kiswahili, ambako kila tarehe ina ukurasa wake wenye sehemu za Matukio, Waliozaliwa, Waliofariki na Sikukuu. Watumiaji wake ni watangazaji wa vipindi vya asubuhi, walimu, wahariri na wanaoandaa matangazo ya ibada. Wote wana haja moja tu, kwamba wakisema "siku kama ya leo" iwe kweli ni siku kama ya leo. Hapo ndipo nyingi zinapokwama.

Kabla ya kununua kalenda au kupakua programu, fungua tarehe 7 Julai. Ni kipimo kizuri kuliko 25 Desemba au 1 Januari, ambazo kila mchapishaji amezisafisha kwa miaka mingi. Katika 7 Julai zimekusanyika karibu aina zote za mambo yanayoweza kukaa kwenye tarehe moja, na makosa yake hujirudia kutoka bidhaa moja hadi nyingine kwa sababu watengenezaji wananakiliana.

Anza na Saba Saba yenyewe. Ukikuta neno hilo peke yake bila nchi wala mwaka, weka alama ya kwanza ya wasiwasi. Tanzania, tarehe hiyo inarudi kwenye mwaka 1954, chama cha TAA kilipogeuzwa kuwa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, jijini Dar es Salaam chini ya Julius Nyerere. Leo ni sikukuu ya umma inayokwenda sambamba na Maonesho ya Kimataifa ya Biashara. Kenya, Saba Saba ni 7 Julai 1990, siku ya mkutano wa uwanja wa Kamukunji, Nairobi, wa kudai vyama vingi. Hayo ni mambo mawili tofauti yenye jina moja, na kalenda inayoyachanganya kwenye mstari mmoja haifai kusomwa hewani.

Angalia pia kitenzi kilichotumika. Mstari unaosema wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia "waliongoza mkutano wa Kamukunji tarehe 7 Julai 1990" ni kosa, kwa kuwa wote wawili walikamatwa na kuwekwa kizuizini tarehe 4 Julai. Waliutangaza mkutano, hawakuufikia. Uliokuwepo tarehe 7 ni umati uliokwenda licha ya marufuku, na makabiliano yake na polisi. Kosa la namna hii hutokea pale mhariri anapobana habari ya siku nne ndani ya maneno kumi. Bidhaa nzuri huachia kila ingizo nafasi ya sentensi mbili, na tofauti inaonekana mara moja.

Tarehe hiyo hiyo ina mambo mengine mawili ya kwetu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutumika 7 Julai 2000, baada ya kutiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Kalenda ikiandika "mkataba wasainiwa" chini ya 7 Julai, ujue mhariri hakutenganisha kusaini na kuanza kutumika, na kosa hilo litakuwa limeenea kwenye mikataba yote ya dunia humo ndani. La pili ni Siku ya Kiswahili Duniani. UNESCO iliitangaza katika Mkutano Mkuu wake wa 41, tarehe 23 Novemba 2021, na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Tarehe ilichaguliwa kwa kuirejea TANU ya 1954 na nafasi iliyokipa Kiswahili katika kupigania uhuru.

Maelezo hayo ya mwisho ndiyo tunayoyataka zaidi, na ndiyo adimu kuliko yote. Mambo mawili yakikutana kwenye tarehe moja, msomaji anastahili kuambiwa kama yamekutana kwa sadfa au kuna aliyeipanga. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961 na kuwa jamhuri 9 Desemba 1962; Kenya ilifuata mtindo huo huo kwa 12 Desemba, 1963 na 1964. CCM ilizaliwa 5 Februari 1977 kwa sababu ASP, chama cha Zanzibar kilichoungana na TANU kuiunda, ilizaliwa 5 Februari 1957, na katikati yake lipo Azimio la Arusha, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mwishoni mwa Januari 1967 lakini likatangazwa Februari 5. Hapo kuna mikono ya watu. Visiwa vya Solomon kupata uhuru 7 Julai 1978, kwa upande mwingine, hakuhusiani kabisa na TANU, na kuviweka mistari miwili mfululizo bila neno kunamfanya mwanafunzi aanze kutafuta uhusiano usiokuwepo.

Sasa sehemu ngumu, ambayo karibu programu zote za simu huikosa. Katika orodha ya waliozaliwa 7 Julai utamkuta mchoraji Marc Chagall, mwaka 1887. Alizaliwa karibu na Vitebsk, Belarus ya leo, wakati huo ikiwa ndani ya Dola la Urusi, ambalo lilikuwa bado linatumia Kalenda ya Juliasi, ile ya zamani. Kwa kalenda hiyo ilikuwa 24 Juni. Kuihamisha kwenda Kalenda ya Gregori, tunayoitumia leo, unaongeza siku, lakini idadi ya siku hutegemea karne: 10 tangu 1582 hadi Februari 1700, kisha 11 kwa karne ya 18, 12 kwa karne ya 19, na 13 tangu Machi 1900. Sababu ni kwamba kalenda ya zamani iliihesabu 1700, 1800 na 1900 kuwa miaka mirefu (yenye siku 366), ya Gregori haikufanya hivyo. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu kwa zote mbili, kwa hiyo pengo limebaki 13 na litabaki hivyo mpaka 2100. Chagall ni wa karne ya 19: 24 Juni jumlisha 12 ni 6 Julai. Aliyemweka tarehe 7 alitumia 13, pengo la karne iliyofuata.

Kosa hilo lisingekuwa na uzito kama lisingekaa jirani na jambo lililo sahihi linalofanana nalo. Chini ya Sikukuu za 7 Julai, kalenda nzuri itakuwa na Kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji kwa Waorthodoksi wa Urusi. Wakatoliki wanaiadhimisha 24 Juni. Waorthodoksi wa Urusi nao wanaiadhimisha 24 Juni, ila ni 24 Juni ya Juliasi, na kwa kuwa sikukuu inafanyika katika karne yetu, pengo ni 13, hivyo inaangukia 7 Julai. Tarehe moja ya kalenda ya zamani, majibu mawili, na yote mawili yana hesabu yake. Bidhaa inayoandika kalenda gani imetumika, hata kwa herufi ndogo mabanoni, inastahili nyota mbili zaidi papo hapo. Isiyoandika, usiiamini kwa mtu yeyote wa Urusi kabla ya Februari 1918 wala wa Uingereza kabla ya Septemba 1752.

Kwa sikukuu za watakatifu kuna mtego mwingine, wa vitabu vya zamani. Kalenda ikikuambia kwamba Kanisa Katoliki linawakumbuka Sirili na Metodi tarehe 7 Julai, imenakili kitabu cha kabla ya 1969. Mwaka huo kalenda ya Kanisa ilifanyiwa marekebisho na wawili hao wakahamishiwa 14 Februari. Marekebisho hayo yaligusa wengi. Mtume Thoma alitolewa 21 Desemba akapelekwa 3 Julai. Kwa hiyo njia ya haraka ya kujua umri wa chanzo cha mchapishaji ni kutazama tarehe hizo tatu tu: 14 Februari, 3 Julai, 7 Julai. Pamplona nako, Hispania, sikukuu ya Mtakatifu Fermín ni 7 Julai, lakini shamrashamra hufunguliwa adhuhuri ya tarehe 6. Wengi huandika kwamba zinaanza tarehe 7 kwa kuwa ndiyo asubuhi ya kwanza ya kukimbia na mafahali, saa 2.

Mashariki ya mbali wana saba saba yao pia. Japani husherehekea Tanabata, ambayo asili yake ni siku ya saba ya mwezi wa saba wa kalenda ya mwezi mwandamo. Ilipochukua Kalenda ya Gregori mwaka 1873, sehemu nyingi ziliibakisha kwenye namba, yaani 7 Julai. Sendai waliisogeza mwezi mmoja, na maonesho yao hufanyika 6 hadi 8 Agosti. China wameiacha kwenye kalenda ya mwezi mwandamo, ndiyo maana Qixi, jina la sikukuu hiyo kwao, ilikuwa 10 Agosti mwaka 2024 na 29 Agosti mwaka 2025. Kalenda inayoandika "Tanabata na Qixi" chini ya 7 Julai imekosea nusu.

Suala la sikukuu zinazohama halivumiliki kabisa kwenye programu za simu. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo Idi na Maulidi hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa Gregori. Programu ambayo mtengenezaji wake aliingiza Idi mara moja kama tarehe ya kudumu itakosea kuanzia mwaka wa pili. Hata zinazopiga hesabu huanguka pale mwaka mmoja unapobeba sikukuu mara mbili, kwa kuwa zimeandaliwa kupokea jibu moja kwa mwaka. Mwaka 2000 ulikuwa na Idi-el-Fitri mbili, mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Desemba. Peleka programu kwenye mwaka 2030: Ramadhani lazima ianze Januari, halafu ianze tena Desemba. Ikionyesha moja, iondoe. Kwa kalenda ya karatasi, tazama kama imeandika kwamba tarehe inategemea mwandamo wa mwezi. Pasaka ni rahisi zaidi kwa kuwa ina mipaka, kati ya 22 Machi na 25 Aprili kwa makanisa ya Magharibi. Chochote nje ya hapo ni kosa la uchapaji.

Arifa za simu zina kasoro yake nyingine, ya saa. Nyingi zinafuata saa ya mashine zinakotoka, mara nyingi saa ya dunia ya UTC. Afrika Mashariki iko saa 3 mbele, kwa hiyo mpaka saa 9 usiku programu bado inakuonyesha ya jana. Ingia kwenye mipangilio, tafuta saa za eneo, na uilazimishe kufuata saa ya simu. Isipokuwa na kipengele hicho, panga arifa ije saa 12 asubuhi, tatizo linakwisha.

Tofauti ya saa huathiri hata tukio lenyewe. Neil Armstrong alikanyaga Mwezi tarehe 20 Julai 1969 kwa saa za Marekani. Afrika Mashariki ilikuwa tayari saa 11 na dakika 56 alfajiri ya 21 Julai. Zote ni sahihi, mradi eneo litajwe. Kwa matukio ya usiku, mtindo salama ni wa "usiku wa kuamkia": Mapinduzi ya Zanzibar ni usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, na bidhaa inayoandika "usiku wa 12 Januari" imempeleka msomaji mbele kwa karibu siku nzima.

Jambo moja la staha. Programu kadhaa huweka alama moja ya puto na fataki kwa kila ingizo. Tarehe 7 Julai alama hiyo inakaa mbele ya mabomu ya London ya 2005, yaliyoua watu 52. Inaumiza kuiona, na inatosha kuifuta programu hata kama tarehe zake zote ni sahihi.

Kwa mtangazaji au mwalimu, chaguo letu ni ukurasa wa kamusi elezo kwanza. Mstari wake mmoja mmoja ni mfupi mno, lakini majina yamefungwa kwenye makala zake: bonyeza, linganisha tarehe ya orodha na ya makala, na zikipishana usisome hewani. Ukiwa na chanzo, kosa unalirekebisha mwenyewe siku hiyo hiyo. Kalenda ya karatasi inafaa darasani na mezani, maana haihitaji chaji na mtoto anaisoma bila kuombwa, ila ikishachapwa kosa lake litaishi mwaka mzima. Nunua ile inayotaja mwaka, mahali na kalenda iliyotumika. Programu tunaiweka ya tatu, mpaka ipite mtihani wa 2030.

Usisahau kufungua 29 Februari. Mwigizaji Hattie McDaniel alipokea tuzo ya Oscar tarehe hiyo mwaka 1940, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Programu nzuri, katika mwaka wenye siku 365, hulileta tukio hilo 28 Februari na kuandika kwamba ni la 29. Mbaya hulificha mpaka mwaka mrefu mwingine ufike, na kalenda ya karatasi isiyo na ukurasa huo haiwezi kutumika tena mwaka wa nne hata kama jalada lake linasema ni ya kudumu.