Uzoefu wangu: programu ya simu ya kujizoeza hablara, comiera, viviera

Programu hii ya vitenzi vya Kihispania nimeilipia kwa ajili ya sehemu moja tu, imperfecto de subjuntivo ya vitenzi vya kawaida, yaani umbo la kitenzi la mambo ya kudhania au kutakia katika wakati uliopita, kama hablara (kuzungumza), comiera (kula) na viviera (kuishi). Sehemu hiyo inafundisha vizuri, ila ina kasoro ambayo anayezungumza Kiswahili itamponza kuliko wengine.

Uzuri wake ni kwamba haianzi na jedwali la kukariri. Inakuuliza kwanza nafsi ya tatu wingi ya pretérito, wakati uliopita wa kawaida: hablaron (walizungumza), comieron, vivieron. Unaondoa -ron, unapachika -ra, -ras, -ra, -ramos, -rais, -ran, basi. Comiera na viviera zina miisho ileile, kwa hiyo kazi ni ndogo. Kuanzia hapo kunazuia pia kosa la wale wanaoanza na nafsi ya kwanza: wakiona busqué (nilitafuta) huandika "busquera", ilhali buscaron inatoa buscara.

Kasoro ni alama ya mkazo. Ukiandika "hablaramos" unapewa tiki ya kijani kana kwamba umepatia. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ndiyo maana hablara, comieras na vivieran tunazitamka sawasawa bila kufundishwa. Lakini habláramos, comiéramos na viviéramos zina mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, na ulimi wetu huusogeza mbele bila hata kushtuka. Isitoshe, hablará ni "atazungumza". Ukiitoa alama imeshakuwa neno jingine. Ingia kwenye mipangilio uwashe ukaguzi mkali wa alama kabla ya zoezi la kwanza, maana huja umezimwa.

Mazoezi ya sentensi ndiyo yenye faida zaidi. Sisi tunaweka -nge- pande zote mbili: "Ningeishi Madrid, ningezungumza Kihispania kila siku." Kihispania kinatenganisha: Si viviera en Madrid, hablaría español todos los días. Kwenye si ("kama") unaweka viviera, hali ya masharti inabaki upande wa pili. Ukifuata mazoea ya -nge- utaandika "si viviría", na programu inakukamata papo hapo.

Haina sentensi za kutosha za aina ya pili, ambayo kwangu ni ngumu kuliko si. "Nataka ule" na "nilitaka ule" kwetu zina "ule" ileile. Kihispania hubadilisha: quiero que comas, lakini quería que comieras. Hapa itabidi ujitungie jozi zako, kumi hivi, esperaba (nilitumaini), pedía (niliomba) na quería (nilitaka) zikiwa mbele. Ongeza na za ojalá, neno lenye chimbuko la Kiarabu kama laiti yetu: ojalá ganaran, laiti wangeshinda.

Miisho ya -se (hablase, comiese), mbadala wa ile ya -ra, imewekwa mwishoni, ya kutambua tu. Naafikiana na waundaji wake: zote mbili ni sahihi, lakini Amerika ya Kusini utasikia -ra karibu kila mahali. Usichanganye tu hablase na hablarse, ambayo ni kitenzi-jina chenye se.

Asiyeijua pretérito bado asinunue sehemu hii kwanza. Atakwama kwenye swali la kwanza.