Kabla hujanunua turbo, uliza boliti

Turbo yangu ya shilingi 38,000, ile pampu inayosukuma hewa zaidi kwenye injini, iliishi siku 19. Niliinunua Mwembe Tayari, Mombasa, mali ya Japani kama nilivyoambiwa. Muuzaji akaizungusha kwa kidole, ikateleza vizuri, nikatoa pesa. Siku ya 19, kwenye mlima wa Mazeras, gari likapoteza nguvu na nyuma yangu barabara yote ikawa moshi wa buluu.

Fundi alipofungua, tatizo lilikuwa boliti. Ile yenye tundu, inayoshika bomba la oili linaloingia kwenye turbo. Katika baadhi ya injini ina kichujio ndani, kidogo kuliko kifuniko cha kalamu, na changu kilikuwa kimeziba kwa masizi. Shafti ya turbo, yaani mhimili wake, huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya oili. Oili ikikatika, beringi zinakwisha. Turbo ya kwanza, iliyokuwa kwenye gari kabla ya hii, iliuliwa na boliti hiyo, na ya pili tukaifunga kwa boliti ileile!

Basi hesabu bei hivi: turbo, boliti mpya, bomba jipya la oili, gasketi, oili na filta, na bomba la kurudisha oili lisafishwe. Fundi akisema "hii bado iko sawa," mshukuru uondoke na gari lako.

Wengi huuliza busti ngapi. Busti ni mgandamizo tu ambao turbo inaongeza, unaopimwa kwa psi, si kiasi cha hewa. Psi 10 za turbo ndogo si sawa na psi 10 za kubwa. Hapa pwani hewa ina takriban psi 14.7 bila turbo. Ongeza 7.35, mgandamizo unakuwa mara moja na nusu, lakini nguvu haipandi nusu nzima. Hewa ya Mombasa ya nyuzi 30, ikipita kwenye kompresa, sehemu ya turbo inayogandamiza hewa, yenye ufanisi wa asilimia 70, hutoka ikiwa zaidi ya nyuzi 80, na hewa ya moto ni nyepesi. Bila intakula, kile kipozaji cha hewa hiyo, unapata hewa zaidi kwa asilimia 28 hivi. Na petroli isipoongezwa kulingana na hewa hiyo, utayeyusha pistoni.

Sasa chaguo. La kwanza ni turbo mpya ya kampuni ya Garrett, na simfichi mtu kwamba naipendelea: wanatoa ramani ya kompresa, yaani mchoro wa uwezo wake, unaona turbo inafanya kazi vizuri wapi kabla hujalipa. La pili, IHI au Mitsubishi mpya za aina iliyokuja na gari. La tatu, iliyotumika: vuta shafti mbele na nyuma, ikicheza iache. Kutikisika kidogo kwa upande ni kawaida ikiwa kavu, kwa hiyo ule mzunguko wa kidole haukuambii chochote. Za bei ya chini zisizo na jina, pita tu.

Wauzaji nao! Bei yao ni ya uso. Nilipouliza namba ya turbo, yule bwana akamjibu kaka yangu, aliyenisindikiza tu na hata gari hana. Niliporudi na mzoga wa turbo hiyo akasema, "Dada, mali ikishatoka hairudi." Nikatoa risiti. Ilikuwa imeandikwa "spea 1".