Habu ya skrepa au habu mpya ya dukani?

Ukiwa na ringi kuukuu ya baiskeli na unataka kuisuka upya kwa habu nyingine (kile kitovu cha gurudumu), hesabu matundu ya spoku kwanza. Baiskeli za kizamani za mtindo wa Uingereza zina matundu 32 mbele na 40 nyuma, ilhali habu nyingi mpya ni za 36. Nilizunguka Ngamiani, Tanga, nusu siku na ringi ya 40 begani. Kila duka habu ni 36. Habu ya 36 haikai sawa kwenye ringi ya 40, hata fundi akuapie.

Kwa mafundi wanaouza mabaki ndiko 40 inakopatikana, tena bei unapatana. Ila ifungue: futa grisi, pitisha ukucha ndani ya kikombe cha gololi. Ukucha ukikwama kwenye vishimo, irudishe. Ekseli na gololi hubadilishwa, kikombe kilicholika ni shida.

Spoku sichukui za zamani. Chumvi ya bahari yetu hii huzila pale kwenye kiwiko, zinapopinda kuingia kwenye habu, zikakatika moja moja barabarani. Hizo nunua mpya, na uende na ya zamani moja ya kupimia urefu.