Kingiwudi ya Brazili: Vinia au Kipande Kizima?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani nina kingiwudi, mbao ngumu yenye mistari ya zambarau, ya namna mbili: kipande kizima cha sentimita 4 kwa 4, urefu 30, na vinia, yaani ubao mwembamba wa kubandika juu ya mbao nyingine, ya unene wa milimita 0.6. Swali ni moja tu: ukiwa unakarabati samani za Kifaransa za karne ya 18, ununue ipi? Nawapa jibu mapema. Nunua vinia, ila si hii.

Tuanze na kipande. Kipimwe, kinakaribia gramu 580. Kitie kwenye ndoo ya maji, kinazama moja kwa moja. Mti wenyewe ni Dalbergia cearensis wa kaskazini-mashariki mwa Brazili, ndugu wa mpingo, na uzito huo ni wa ukoo. Ni mti mdogo. Kiini chake kinachofaa ni nadra kuzidi sentimita 20 kwa upana, na mara nyingi kina nyufa katikati. Ndiyo maana mafundi wa Paris hawakutengeneza kabati zima kwa kingiwudi. Walijenga kwa mwaloni au msonobari, wakabandika kingiwudi juu yake.

Sogeza kamera hapa. Mistari ya zambarau iliyokolea, karibu nyeusi, juu ya kahawia yenye wekundu. Sasa tazameni ncha: nyuzi zimebanana sana. Bernard II van Risamburgh, fundi samani wa Paris wa karne ya 18, alijua kuitumia sifa hii. Alikata maua yake ya mapambo kwa kukingama nyuzi, ncha zikaelekea juu, ua likatoka jeusi na kali. Kwa mtazamo wangu hakuna mbao inayoifikia hii kwa kazi hiyo.

Haya, vinia. Ile ya zamani ilipasuliwa kwa msumeno, na mara nyingi ilikuwa na milimita moja au zaidi. Hii ya leo inachongwa kwa kisu cha mashine baada ya gogo kulainishwa kwa maji moto au mvuke. Inakuja nyembamba, na upande mmoja unabaki na nyufa ndogondogo za kisu. Ikunje taratibu utaziona zikifunguka. Ukiibandika kama kiraka, inakaa chini ya usawa wa vinia ya kale. Fundi anajaribu kusawazisha kwa msasa, anaishia kula vinia ya kale pembeni. Hapo umeharibu kitu ambacho hakirudi. Tafuta iliyopasuliwa kwa msumeno, milimita 1.5, kisha ishushe kwa bati la kukwarulia. Msasa uache kwa mwisho kabisa.

Gundi nayo ina mtego. Mbao hii ina mafuta, na mafuta hupanda juu tena baada ya kusafishwa. Futa kwa asetoni, subiri ikauke, paka gundi na ubane papo hapo. Ukiiacha hadi kesho, futa upya. Kwa samani za kale tumia gundi ya moto inayotokana na ngozi za wanyama, kwa sababu fundi atakayekuja baadaye ataweza kuibandua kwa joto na unyevu.

Kwenye kung'arisha, chovya pamba kwenye spiriti usugue kipande hiki. Mnaona? Pamba imegeuka rangi. Rangi hiyohiyo itaingia kwenye mbao nyeupe iliyo jirani ikiwa mchoro umechanganywa mbao za rangi tofauti. Kwa hiyo tabaka la kwanza la shelaki, vanishi ya asili inayoyeyushwa kwa spiriti, liwe jepesi, lipakwe kwa kufuata nyuzi, kisha liachwe likauke kabla hujaanza kusugua.

Rangi ya zambarau haidumu kwenye mwanga. Hugeuka kahawia polepole, tena juujuu tu. Ukikwarua samani ya kale, zambarau inatokea chini, na doa hilo litaonekana toka mlangoni. Kiraka kipya kisawazishwe kwanza, ndipo rangi ilinganishwe. Vinia ya kale iliyookolewa kwenye samani iliyovunjika ni bora kuliko zote, ukiipata.

Kipande kizima kina kazi yake: vishikio vya droo, vipande vya kukereza, mistari myembamba ya pambizo. Kikifika, paka nta kwenye ncha zote mbili siku hiyohiyo, la sivyo kitapasuka. Na barakoa vaa; vumbi la jamii hii huwasha ngozi na kubana kifua.

Wakati wa kununua, dai jina la kisayansi kwenye risiti, kwa sababu Dalbergia congestiflora ya Meksiko nayo huuzwa kama kingiwudi. Dai pia vibali. Tangu tarehe 2 Januari 2017 jenasi yote ya Dalbergia iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, nyingi katika Kiambatisho cha II, orodha ya zile zinazouzwa kwa kibali, hivyo magogo, mbao na vinia zikivuka mpaka zinahitaji karatasi. Msamaha wa kilo 10 kwa shehena ni wa bidhaa zilizokwisha kutengenezwa. Vinia hii mezani haimo.