Mchanga wa paka usio na marashi, huu sasa ndo wenyewe

Jamani wenye paka wa ndani, hasa sisi wa maghorofani huku Upanga, chukueni huu mchanga wa kuweka kwenye choo cha paka, wa bentonaiti (aina ya udongo) usio na marashi, mkojo ukigusa tu unaganda donge, unachota unatupa, basi. Ule wenye harufu ya lavenda tulioletewa kwanza paka aliunusa akaenda zake kukojoa kwenye kapeti, na joto la Dar mnalijua wenyewe harufu inavyopanda 😩. Vumbi unalo, siwadanganyi, na bei imechangamka. Ila msiumwage chooni utaziba bomba. Na kama dume anajikamua mkojo hautoki, hapo sio ishu ya mchanga tena, mkimbize kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, anaweza kufa.